Jina Consolata: maswali yanayoulizwa sana kuhusu maana yake, lilikotoka na kwa nini limejaa huku kwetu

Maswali kuhusu hili jina yanarudi yale yale kila siku, mengi yanatoka kwa kina mama wanaosubiri mtoto wa kike na mengine kwa kina Consolata wenyewe ambao walipewa jina na bibi au na sista pale hospitali alafu hakuna aliyewahi kuwaeleza lina nini ndani. Nimeyakusanya yote hapa. Ni marefu kidogo, kwahiyo shuka moja kwa moja kwenye swali lako ukitaka.

Consolata ni jina la wapi hasa?

La Italia. Tena sio Italia nzima nzima, ni la kaskazini magharibi, mji wa Torino, mkoa wa Piemonte, pale chini ya milima ya Alps. Huku kwetu wengi wanadhani ni jina la Kilatini la kanisani tu, wengine wanasema la Kihispania, na nawaelewa kwa nini, sababu majina mengi ya Bikira Maria tuliyonayo yamekuja na sura ya Kilatini. Angalia Immaculata, Mwitaliano anaandika Immacolata. Angalia Assumpta, yeye anaandika Assunta. Sasa Consolata kwa Kilatini na kwa Kiitaliano linaandikwa vilevile kwahiyo ukilitazama kwa macho huwezi kujua limepita njia gani, ila kwa historia tunajua vizuri kabisa, limeletwa na wamisionari wa Torino na nitaieleza safari yake huko chini.

Maana yake nini?

Aliyefarijiwa. Linatokana na kitendo cha kufariji, kutuliza, kumpa mtu moyo. Ukimtafuta wa Kiswahili anayelingana naye ni Faraja, na ndo maana kuna familia utakuta mtoto anaitwa Consolata kanisani na Faraja nyumbani.

Sasa hapa kuna jambo linalowachanganya watu na ni swali zuri. Kwenye litania ya Bikira Maria tunasali "Mtuliza wenye huzuni, utuombee", yani Maria ndo anayetuliza, yeye ndo mfariji. Kwa Kilatini hapo pameandikwa Consolatrix, mfariji. Mbona basi jina limekuwa Consolata, aliyefarijiwa? Limetoka mdomoni mwa watu wa kawaida. Torino wana lugha yao ya nyumbani, Kipiemonte, na kwa lugha hiyo walimwita Mama yao la Consolà, jina hilo likakaa vinywani kwa mamia ya miaka mpaka likawa rasmi. Mapadre wakija kulieleza wanasema Maria alifarijiwa kwanza na Mungu, mama aliyesimama chini ya msalaba akimwangalia mwanae anakufa, na kwa kuwa amepita hapo ndo anaweza kuwafariji wengine. Mimi haya maelezo nayakubali moja kwa moja, nani asiyejua kwamba kwenye msiba neno linaloingia moyoni ni la yule ambae naye amewahi kuzika.

Kwahiyo ukiulizwa, jibu aliyefarijiwa, na ukitaka kuongeza sema na anayefariji. Yote mawili yamo.

Hiyo picha ya Consolata inayozungumzwa ina historia gani?

Ni ndefu, sehemu ni masimulizi ya kale na sehemu ina maandishi, mi nitakutenganishia.

Masimulizi yanasema askofu wa zamani sana wa Torino, Mtakatifu Maximus, karne ya 5, aliweka picha ya Bikira Maria kwenye kikanisa kidogo karibu na ukuta wa mji, pale penye kanisa la Mtakatifu Andrea. Miaka ikapita, vita, magofu, picha ikapotea chini ya kifusi na watu wakaisahau. Alafu kulikuwa na mtu kipofu wa Briançon, mji uliopo upande wa pili wa milima, leo ni Ufaransa. Huyu kipofu akaota ndoto kwamba picha ipo chini ya ardhi Torino na akiifuata ataona. Akaenda, wakachimba, ikapatikana, na akaona. Siku yenyewe inatajwa kuwa 20 Juni 1104, na ndo maana mpaka leo sikukuu ni tarehe hiyo hiyo.

Upande wa vitu unavyoweza kuviona kwa macho, pale patakatifu pa Consolata mjini Torino bado umesimama mnara wa kengele wa zamani wa watawa Wabenediktini, wa karne ya 11, matofali yake yana rangi iliyokolea na umejitenga kabisa na uzuri wa kanisa lililojengwa baadae. Kanisa lenyewe kama linavyoonekana leo lilianza kubadilishwa na msanifu Guarino Guarini karne ya 17, akafuata Filippo Juvarra karne ya 18, alafu likapanuliwa tena mwishoni mwa karne ya 19 kuingia ya 20. Na picha iliyopo juu ya altare leo sio ile ya masimulizi, hii ilichorwa mwishoni mwa karne ya 15 kwa kufuata picha ya Santa Maria del Popolo ya kule Roma. Maria amevaa joho la bluu iliyokolea, amempakata mtoto Yesu. Ukiingia nyumba nyingi za Wakatoliki wa Nyeri au Iringa utaikuta nakala yake ukutani sebuleni, mara nyingi juu ya kalenda ya parokia.

Kitu kingine ambacho mimi naona ndo moyo wa pale mahali ni kuta zake. Kuna vijipicha vingi sana vilivyotundikwa, vimechorwa na watu wa kawaida kushukuru. Mtu kaanguka toka ghorofani akapona, mtoto kaponea chini ya gurudumu la mkokoteni, askari karudi salama toka vitani, mgonjwa kitandani na familia imepiga magoti pembeni, na juu kwenye kona ya picha yupo Consolata katikati ya mawingu. Sio kazi za wasanii wakubwa. Ni ahsante za watu, na ukizitazama unaelewa jina la aliyefarijiwa lilikuwa linamaanisha nini kwao.

Kwa nini watu wa Torino walimpenda kiasi hicho?

Sababu kila mji ulipobanwa walikimbilia kwake. Mwaka 1706 Torino ilizingirwa na jeshi la Ufaransa kwa miezi kadhaa mpaka ulipokombolewa mwezi Septemba, na kwenye ukuta wa nje wa kanisa kuna tufe la mzinga la mwaka huo bado limekwama pale pale lilipopiga. Mwaka 1835 kikaja kipindupindu, mji ukaweka nadhiri, na ile nguzo yenye sanamu ya Maria iliyopo pembeni ya kanisa ni ya nadhiri hiyo. Hata familia ya kifalme ilikuwa inakwenda kusali pale, ndani kuna sanamu za marumaru za malkia wawili wamepiga magoti, Maria Teresa na Maria Adelaide, waliofariki wote Januari 1855 kwa kupishana siku chache tu.

Kwahiyo mtoto wa kike kuitwa Consolata pale Torino lilikuwa ni jambo la shukrani. Mama aliyekuwa na mimba ngumu, baba aliyerudi, ugonjwa ulioisha.

Lilifikaje Kenya?

Hapa ndo penyewe. Kuna padre anaitwa Giuseppe Allamano, alizaliwa 1851 Castelnuovo, kijiji kimoja na Don Bosco, na mjomba wake alikuwa Mtakatifu Giuseppe Cafasso. Toka mwaka 1880 Allamano alikuwa mkuu wa patakatifu pa Consolata na alikaa kwenye kazi hiyo mpaka anafariki 16 Februari 1926. Januari 1900 aliugua akawa wa kufa, akapona, na akaamini ni Consolata aliyemuombea. Mwaka mmoja baadae, 29 Januari 1901, akaanzisha shirika la Wamisionari wa Consolata. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Afrika hata siku moja, alituma watu na kuwaandikia barua.

Wa kwanza walitoka Torino Mei 1902, wanne tu, mapadre wawili Tommaso Gays na Filippo Perlo na mabruda wawili Celeste Lusso na Luigi Falda. Mwishoni mwa Juni wakafika Tuthu, Murang'a, kwenye boma la chifu Karuri wa Gakure, na misa ya kwanza ikasomwa pale. Toka hapo wakapanda Nyeri, wakaenda Meru, wakafungua misheni, shule, zahanati. Masista wa Consolata wakaanzishwa 1910, tena 29 Januari ile ile, na wakaanza kufika Kenya 1913.

Sasa fikiria mambo yalivyokuwa. Ubatizo unataka jina la Kikristo. Parokia inaitwa Consolata, sista aliyempokea mtoto leba ni wa Consolata, picha iliyo juu ya altare ni ya Consolata, wimbo ni wa Consolata, mama anaulizwa mtoto aitwe nani, unadhani atasema nini? Kanisa kuu la Nyeri mpaka leo ni la Bikira Maria Consolata, Mathari kuna hospitali ya Consolata, Nkubu Meru ipo nyingine, Westlands Nairobi kuna parokia ya Consolata Shrine inayojulikana na kila mtu. Mtoto anaweza kuzaliwa, kubatizwa, kusoma na kufunga ndoa bila kutoka nje ya hili jina.

Na Tanzania je?

Tanzania lilipita Iringa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Wabenediktini Wajerumani waliondolewa, na eneo la Iringa likakabidhiwa kwa Wamisionari wa Consolata. Tosamaganga ikawa kituo chao kikubwa, na toka pale wakaenea mpaka Makete, Njombe na Mafinga, baadae na Dar. Hospitali ya Consolata Ikonda kule Makete, juu kwenye baridi kali, watu wanasafiri toka mikoa ya mbali kuifuata, wengine wanalala njiani. Muulize Mkinga, Mbena au Mhehe yeyote Mkatoliki, lazima kwenye ukoo wao kuna Consolata.

Na huwezi kuongelea jina hili Tanzania bila kuwataja Maria na Consolata Mwakikuti, wale mapacha walioungana. Walizaliwa Makete mwaka 1996, wakabaki yatima wakiwa wadogo, wakalelewa na masista. Majina yao yote mawili ni ya Mama mmoja, Maria Consolata, likagawanywa kila mtu akapata lake. Walisoma mpaka wakafika Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha pale Iringa, wakisomea ualimu, na nchi nzima ilikuwa inawafuatilia, walivyokuwa wanacheka kwenye mahojiano, walivyokuwa wanamalizia sentensi mmoja ya mwenzake. Walifariki Iringa tarehe 2 Juni 2018 wakiwa na miaka 21 na wakazikwa Tosamaganga. Baada ya pale kwa Watanzania wengi hata wasio Wakatoliki ukisema Consolata sura inayokuja ni ya wale mabinti wawili, na mimi nadhani ni heshima kubwa kwa jina.

Ni kweli lipo pia Rwanda, Burundi na Congo?

Lipo. Wanaoongea Kifaransa utakuta wanaliandika Consolate, au wanatumia Consolée ambalo ni Kifaransa kamili. Congo Wamisionari wa Consolata walifika miaka ya 1970, upande wa kaskazini mashariki. Msumbiji walianza mapema zaidi, 1925.

Kuna mtakatifu anayeitwa Consolata?

Jina lenyewe ni la Bikira Maria, kwahiyo msimamizi wako ni yeye, usiwe na wasiwasi katekista akikuuliza. Ila kuna mtawa mmoja wa Italia anayefaa kujulikana, Sista Consolata Betrone. Alizaliwa Saluzzo, Piemonte, mwaka 1903 akiitwa Pierina, akaingia watawa Waklara Wakapuchini wa Torino akapewa jina Maria Consolata, akafariki 18 Julai 1946 akiwa na miaka 43. Anakumbukwa kwa sala yake fupi aliyokuwa anairudia siku nzima huku akifanya kazi za jikoni na za mlangoni, "Yesu, Maria, nawapenda, okoeni roho". Mwaka 2019 Papa Francis aliidhinisha fadhila zake, kwahiyo anaitwa Mheshimiwa, bado hatua ya wenyeheri na ya watakatifu.

Alafu kuna watu wa familia ya Consolata ambao sio wa jina ila ni wa shirika, na hao ni wetu kabisa. Mwenyeheri Irene Stefani, alifika Kenya mwaka 1915, wakati wa vita alihudumia wabeba mizigo wagonjwa, Waafrika waliochukuliwa kubeba silaha na chakula cha majeshi wakawa wanakufa kama hawana mwenyewe. Alikuwa Voi, akashuka mpaka Kilwa na Lindi. Baada ya vita akaishi Gikondi, Nyeri, akitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, na Wakikuyu wakampa jina Nyaatha, mama mwenye huruma. Alikufa 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata akimuuguza mgonjwa. Alitangazwa mwenyeheri pale pale Nyeri, 23 Mei 2015. Na Mwenyeheri Leonella Sgorbati, aliyefundisha manesi Kenya miaka mingi alafu akaenda kufungua mafunzo ya manesi Mogadishu, akapigwa risasi pale 17 Septemba 2006. Neno lake la mwisho lilikuwa nasamehe, akalirudia. Allamano mwenyewe alitangazwa mtakatifu 20 Oktoba 2024.

Ukimpa mwanao jina Consolata hao ndo watu unaomuunganisha nao, mi nasema mwambie hizi habari akikua, sio aje azisome mwenyewe ukubwani.

Siku ya jina ni lini?

20 Juni. Torino wanasali novena siku tisa kabla, na jioni ya tarehe 20 kuna maandamano makubwa mitaani na picha. Waitaliano wana desturi ya kusherehekea siku ya jina, wanaiita onomastico, mtu anapigiwa simu na kutakiwa heri, zamani sehemu nyingine ilikuwa na uzito kuliko siku ya kuzaliwa.

Nimesikia kuna Consolata wa kusini mwa Italia, ni yule yule?

Ni Mama yule yule ila ibada tofauti. Kule Reggio Calabria, ncha ya chini kabisa ya Italia ukitazamana na Sicilia, msimamizi wa mji ni Madonna della Consolazione, Mama wa Faraja. Picha yao ilichorwa na Nicolò Andrea Capriolo mwaka 1547. Inakaa kwenye kanisa la Eremo juu kilimani, na kila Septemba inabebwa mabegani na wanaume wengi mpaka kanisa kuu la mji, mji mzima unatoka barabarani. Kwa sababu hiyo Reggio nako kuna kina Consolata, na huko ndo utakuta hata wanaume wanaitwa Consolato. Kwahiyo ukikutana na Mwitaliano wa jina hili muulize kwao wapi, akisema Torino au Reggio utajua ametajwa kwa heshima ya nani.

Je, Italia bado watoto wanaitwa Consolata?

Wachache sana. Sitakuficha. Miaka ya karibuni watoto wa kike Italia wanaitwa Sofia, Aurora, Giulia, Ginevra, Beatrice, majina mepesi mepesi. Consolata halipo hata karibu na hiyo orodha. Na sio peke yake, majina yote ya namna hii ya Bikira Maria yameshuka, Concetta, Assunta, Immacolata, Annunziata, Addolorata, yalijaa sana kwa bibi zao hasa kusini, sasa hivi mama kijana wa Milano anaona yamezeeka. Wanaoyabeba wengi wanajifupisha, Immacolata anakuwa Imma, Annunziata anakuwa Nunzia. Ukichanganya na kwamba Italia sasa hivi wanazaliwa watoto chini ya laki 4 kwa mwaka mzima, basi jina lililokuwa linabebwa na wachache linazidi kupungua. Ofisi ya takwimu ya Italia, ISTAT, inatoa hesabu za majina ya watoto waliozaliwa kuanzia 1999, ukitaka kujitazamia mwenyewe.

Huku kwetu hali ni tofauti. Consolata wa huku ni mwalimu, ni nesi, ni wakili, ni binti wa form two, ni bibi wa miaka 80. Kenya makamu mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, wakati wa uchaguzi wa 2017 alikuwa Consolata Nkatha. Mimi naamini kabisa kwamba jina limehama makazi, lilizaliwa Torino na limekuja kukulia Afrika Mashariki, na Mwitaliano mzee akija Iringa akasikia mtoto anaitwa kwa sauti uani, "We Consolataaa", anashangaa na kufurahi sababu kwao amelisikia mara ya mwisho kwa shangazi yake.

Linatamkwaje?

Kon-so-LA-ta. Mkazo kwenye LA, silabi ya pili toka mwisho, kama Kiswahili chenyewe. Ndo maana hatukupata shida nalo. Hakuna "konsoleta" wala "konsolé".

Vifupisho vyake?

Conso ndo kinachoshinda kote, Kenya na Tanzania. Mtoto wake wa kwanza akizaliwa basi anaitwa kwa jina la mtoto na Conso inabaki kwa marafiki wa zamani.

Consolata na Consuelo ni jina moja?

Ni ndugu. Consuelo ni la Kihispania, maana yake faraja yenyewe, na linatokana pia na jina la Maria, Nuestra Señora del Consuelo. Mzizi mmoja, Kilatini.

Niandike kwa C au kwa K?

Kwa C ndo asili na ndo inayoandikwa kwenye vyeti vingi. K sio kosa, wapo wanaoandika Konsolata na ni Kiswahili kizuri tu. Shida inakuja pale jina moja linapokuwa na sura tatu. Cheti cha ubatizo Consolata, cheti cha kuzaliwa Consolatha, cheti cha form four Konsolata, kitambulisho nacho kimeandikwa Consorata kwa sababu aliyekuwa anajaza fomu anachanganya l na r. Siku ya mkopo wa chuo au pasipoti au mirathi ndo unaanza kuzunguka ofisi kwa ofisi na hati ya kiapo kwamba hao wote ni mtu mmoja. Naomba sana wazazi, mtoto akisajiliwa simama pale pale, soma herufi kwa herufi kabla karatasi haijagongwa muhuri, na cheti cha ubatizo ukifanye kifanane na cha kuzaliwa. Kama wewe mwenyewe ni mtu mzima na tayari yanatofautiana, rekebisha sasa hivi ukiwa huna haraka, usisubiri mpaka dirisha la maombi limebakiza siku mbili.

Mimi sio Mkatoliki, naweza kumpa mwanangu jina hili?

Unaweza, hakuna wa kukuzuia, na wapo Walutheri na Waanglikana wanaoitwa hivyo, mara nyingi ni kwa kumkumbuka nesi au mwalimu au bibi. Ila ujue popote atakapoenda watu watamuuliza parokia yake ni ipi. Kama hilo linakusumbua, Faraja ina maana ile ile na inabebwa na kila dini.

Si jina la huzuni hilo? Mama mkwe anasema linaita misiba.

Hapana. Mweleze kwa upole kwamba linamtaja mtu ambae huzuni yake imeshapita. Kama ndani ya familia mlipoteza mtoto kabla na sasa mmepata mwingine, sidhani kama kuna jina linalofaa zaidi, na wazazi wengi wamelichagua kwa sababu hiyo hiyo.

Linaendana na majina gani mengine?

Maria Consolata ndo lililozoeleka kuliko yote. Consolata Wanjiru, Consolata Kendi, Consolata Neema, yote yanakaa vizuri. Mi ningeepuka kuliweka na jina lingine refu la silabi nne au tano, mfano Consolata Immaculata, sababu fomu nyingi nafasi haitoshi na mtoto atakuwa anakatwa jina kila anaposajiliwa mtihani.

Nikifika Torino niende wapi?

Piazza della Consolata, sio mbali na Porta Palazzo, penye soko kubwa. Kuingia ni bure, misa zipo kila siku. Mbele ya kanisa kuna mgahawa mdogo uliopo toka 1763, Al Bicerin, wanauza kinywaji cha kahawa, chokoleti na krimu kwenye glasi ndogo, na zamani watu waliofunga kwa ajili ya komunyo walikuwa wakitoka misa wanavuka kiwanja wanaenda kukinywa. Usikikoroge, wenyewe wanakunywa kikiwa kimejipanga hivyo hivyo tabaka kwa tabaka. Na ukiwa ndani ya kanisa usiishie altareni, zunguka upande wa zile picha za shukrani, tenga muda wa kutosha, na ukimuona bruda wa pale mwambie jina lako ni Consolata na umetoka Nyeri au Makete.